Mguu wa Esta

Ulimwona. Usiseme hukumwona. Ulikuwa umekaa kibarazani pale stendi ya Geita na chai yako ya rangi, chapati mkononi, wakati mwanamke mmoja wa makamo anashushwa kwenye bajaji kama gunia lililochanika. Mguu wa kulia ulikuwa na kandambili. Wa kushoto ulifungwa kitenge, maana haukuingia tena kwenye kiatu chochote, na juu ya kile kitenge ngozi ilikuwa imewamba, inang'aa, nyekundu iliyochanganyika na weusi wa zambarau. Ulimwona akishika nguzo ili avute pumzi. Kisha ukainamia simu yako. Labda ulimnong'oneza jirani yako, "Huyo kakanyaga vitu vya watu," mkacheka kicheko kile cha kujikinga, ukamaliza chapati.

Umezoea, kosa lako ndilo hilo. Tangu Maganzo mpaka Chato, miguu ya wanawake imevimba miaka nenda miaka rudi, na kila mara watu wameukwepa mguu wenyewe kwa macho, wakaenda kumtafuta bibi kizee wa kumbebesha lawama. Leo hutageuka. Utakaa hapo hapo usikie mguu ule ulitokea wapi.

Mwenye mguu ni Mbuke. Huko machimboni, nje ya Geita, wanamwita Mama Blessing, kwa jina la binti yake mwenye saluni ya kusuka. Amezaliwa kijiji kimoja nyuma ya Maganzo, mwana wa wafugaji, akaolewa, akafiwa na mume, akafuata dhahabu kama wenzake. Kazi yake ni kuponda mawe. Wachimbaji wanatoa mawe shimoni, wanawake wanakaa chini kwenye turubai, miguu wameinyoosha mbele, jiwe katikati ya magoti, nyundo mkononi, wanayavunja yawe kokoto ndipo yaende karasha kusagwa. Wanakaa hivyo tangu jua linapochomoza mpaka linapochoka. Hakuna anayeinuka ovyo, maana ukiinuka mwenzako anavuta mawe yako.

Aliyekaa ubavuni mwake siku zote ni Mama Cornel, mjane wa Kikatoliki kutoka Ushirombo, mkubwa kuliko Mbuke kwa umri wa mtoto aliyebalehe. Rozari shingoni, ugoro mdomoni, na macho mekundu ya vumbi la mawe na moshi wa jikoni. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mkono mwepesi wa kutoa.

Damu ya mwezi ya Mbuke ilianza kuruka, ikapotea, ikarudi, mwisho ikakata moja kwa moja. Hapo ndipo moto ulipoanza. Anaponda mawe vizuri tu, mara kitu kinawaka kifuani, kinapanda shingoni, uso unalowa kama amemwagiwa maji.

"Mama Blessing!" Boaz, kijana anayenunua kokoto, alikuwa akimtania. "Sisi tunaungua na jua, wewe una jua lako binafsi?"

"Njoo uoteshe mahindi hapa mgongoni, mwanangu, mvua pia ipo."

Wanawake wakaangua kicheko. Mchana moto ule ulikuwa mzaha, lakini usiku ulikuwa balaa. Mbuke aliamka shuka limelowa, moyo unakimbia, akatoka nje kusimama penye upepo mpaka mwili upoe. Asubuhi macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Na siku moja mwanamke mmoja wa turubai la pili akauliza, kwa sauti ya utani ambayo haikuwa na utani ndani yake, "Mama Blessing, ule usiku ulikuwa unamsubiri nani pale nje?"

Wenzake walicheka. Nyundo ikamponyoka Mbuke.

Maana yeye anajua sentensi ile inakwendaga wapi. Alikuwa binti mdogo wa kuchunga ndama wakati dada yake mkubwa, Esta, alipojifungua. Mtoto alizaliwa salama. Wiki haijaisha, mguu wa kushoto wa Esta ukavimba peke yake, mkubwa, wa moto. Mama yao alimwita Nyanzala, jirani yao mzee, bingwa wa kuchua, ambaye alikuwa amewakanda wanawake wa kijiji kile wote baada ya uzazi. Nyanzala akaja na samli ya moto. Akaukanda mguu ule kwa upendo, kutoka kifundoni kupanda juu, kwa nguvu, huku akimwimbia mzazi wimbo wa kubembeleza mtoto. Esta akashika kifua. Akafungua mdomo kama samaki. Akafa mikononi mwa Nyanzala, samli bado ya moto.

Unataka ushahidi gani zaidi? Ndivyo walivyosema. Alikuja na dawa zake, akamshika, akafa. Na macho yake, hamjayaona? Mekundu kama ya mchawi! Hayakuwa na lingine zaidi ya moshi wa mavi ya ng'ombe aliyopikia maisha yake yote, kwa kuwa kuni zilikwisha kijiji kile. Walimkata kwa mapanga mlangoni mwake. Kaka yao, Mayala, kijana wa ndevu za kwanza, alikuwa mbele ya wale wanaume. Kijiji kikampongeza. Serikali ilikuja na gari, ikauliza, ikaambiwa hakuna aliyeona, ikarudi. Nyanzala hakuwa na mtoto wa kumlilia. Nyumba yake ilibaki ikiliwa na mchwa, na Mbuke alikuwa akipita na ndama kwa njia ya mbali.

Sasa yeye mwenyewe ndiye mwanamke wa macho mekundu anayesimama nje usiku. Unaelewa kwa nini alikwenda kutafuta vidonge? Si kwa urembo, wala si kutaka kurudi usichana. Alitaka kulala ndani ya nyumba yake usiku kucha kama mtu asiye na habari na mtu.

Daktari wa kliniki ya akina mama katika hospitali ya mjini aliitwa Martina, mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Alimweleza kuwa moto ule ni homoni iliyopungua, kwamba vipo vidonge vya kuirudisha kiasi, na kwamba vinawasaidia wanawake wengi. Kisha akauliza maswali. Kansa ya titi? Hapana. Presha? Haijapanda.

"Na katika ukoo wenu, kuna mtu damu yake iliwahi kuganda mwilini? Aliyevimba mguu mmoja ghafla, au aliyekufa ghafla baada ya kujifungua?"

Mbuke alimwona Esta. Alimwona waziwazi, kisha akampitisha pembeni. Kwa sababu ukoo mzima ulishakubaliana tangu zamani: Esta hakuumwa, Esta alilogwa. Daktari anauliza habari za magonjwa. Wewe ukiulizwa magonjwa ya ukoo wenu, unamtaja aliyekanyagwa na lori?

"Hakuna, dokta. Sisi wote tuna afya njema."

Daktari akaandika. Akampa vidonge, akamwonya: "Kidonge hiki kwa watu wachache kinaweza kugandisha damu kwenye mshipa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika, au kifua kikichoma, acha kumeza, njoo siku hiyo hiyo. Na asikuchue mtu."

Mbuke aliitikia kwa kichwa, akili ikiwa kwenye usingizi alioahidiwa. Na usingizi ukaja kweli. Moto ukazimika. Akanenepa uso. Boaz akamwambia jua lake limetua. Msimu mzima wa mvua Mbuke hakutoka nje usiku hata mara moja, akaanza kusahau kuogopa.

Halafu kigimbi cha mguu wa kushoto kikaanza kuuma. Alidhani ni msuli, kwa kukaa. Alfajiri iliyofuata mguu ulikuwa umejaa. Jioni ulikuwa umekaza, wa moto, mzito, na Blessing alikuwa ameshampigia simu mjomba wake, Mayala, kule Maganzo, kwa kilio.

Mama Cornel alikuja na sufuria.

"Lala hivyo, Mama Blessing. Usijikaze. Nikukande kidogo tu, hii ni damu imesimama, inataka kusukumwa." Akakaa ukingoni mwa kitanda, akakunja mikono ya gauni. Wanawake wa turubai walijazana mlangoni. Boaz alikuwa nyuma yao, kichwa juu ya vichwa.

Mfuniko ulipofunguka, harufu ya samli ya moto ikajaa chumba.

Mbuke hakuwa tena Geita. Alikuwa mtoto, amesimama pembeni ya kitanda cha kamba, anatazama mdomo wa dada yake ukifunguka. Na juu ya picha ile ikaja sauti ya taratibu ya kliniki: asikuchue mtu. Vitu viwili ambavyo maisha yake yote vilikaa katika vyumba tofauti vikagongana. Mguu ule ule, wa kushoto. Samli ile ile. Mikono ya mwanamke mwema mwenye macho mekundu, inashuka. Akaona yatakayofuata yote kwa pamoja: yeye atakufa kitandani hapa, na Mama Cornel atakufa mlangoni kwake.

"Usiniguse!" Alipiga ukelele ambao hakujua anao. "Mama Cornel, usiniguse! Toa mikono!"

Sufuria ikaanguka. Mama Cornel akabaki mikono hewani, inadondosha samli, uso wake kama wa mtu aliyepigwa kofi na mwanawe.

"Nimekufanya nini mimi, mwenzangu?"

"Si wewe! Ni daktari, daktari alisema nisichuliwe..."

Lakini mlangoni walishapata walichotaka. Mbuke alisikia jinsi ukimya ule ulivyogeuka kuwa minong'ono, na minong'ono ikateremka barazani ikaenda zake. Alikuwa amepiga kelele kuokoa watu wawili, na kwa kelele hiyo hiyo amemnyooshea mwenzake kidole mbele ya watu. Akamshika binti yake mkono.

"Blessing. Mchukue mama huyu ukalale naye saluni. Funga kwa ndani. Usimwache hata akienda chooni. Umenielewa?"

"Mama, na wewe je?"

"Mimi naumwa tu. Yeye ndiye wa kuogopewa."

Pikipiki haikuwezekana, mguu haukukunjika, na gari kule machimboni halipatikani mpaka asubuhi. Mbuke alilala chali, hakuthubutu hata kugeuka. Kila alipovuta pumzi aliisikiliza kama mtu anayesikiliza nyayo uani.

Mayala aliingia na bajaji ya kwanza. Alikuwa amelala njiani, vumbi mpaka kwenye kope. Ni mzee sasa, dalali wa almasi, anaheshimika, kofia yake haitoki kichwani ila kanisani.

"Shikamoo, kaka."

Aliuona mguu. Akakaa kwenye kigoda taratibu kama mtu anayekaa juu ya maji.

"Huu mguu wa Esta," alisema. Kisha, bila kuinua macho, "Nani alikushika?"

"Hakuna aliyenishika. Nipeleke hospitali, kaka."

"Nimeuliza nani."

Boaz ndiye aliyejibu, kutoka nje, kwa adabu zote. "Shikamoo mzee. Yule bibi wa Ushirombo. Jana alipomgusa tu, mama alilia sisi wote tukasikia."

"Muongo! Hakunigusa!" Pumzi ya Mbuke ilikatika katikati ya neno. Ikarudi. Mayala alishatoka. Kupitia ukuta wa mabati alimsikia kaka yake akiongea na wanaume kwa sauti ya chini, ile sauti ya wanaume ambayo aliisikia mara ya mwisho akiwa na ndama mkononi. Maneno mengine yalipotea. Haya hayakupotea: "Asitoke hapa huyo. Mpaka nirudi."

"Tutaanza na hospitali yako," alimwambia alipoingia. "Tukitoka huko tutamaliza mambo yetu."

Ndivyo walivyofika stendi, ambapo wewe ulikuwa unakunywa chai. Bajaji ile ilikuwa ya machimboni, haikuruhusiwa kupita hapo, ikawalazimu kubadilisha. Mbuke alishika nguzo, pumzi fupi, kifua kama kimefungwa kanga ya watu wawili. Alikuwa akitafuta uso mmoja wa kumwambia: kimbieni machimboni, kuna mama wa watu huko. Alikutazama wewe. Unakumbuka?

Daktari Martina alipouona mguu hakukaa chini. Waliingizwa ndani, mguu ukapakwa kitu cha baridi, ukapigwa picha ya mashine, na daktari akawaonyesha kwenye kioo mshipa mweusi uliopaswa kupitisha damu na haupitishi. "Imeganda kuanzia nyuma ya goti mpaka pajani. Na pumzi hii siipendi. Inawezekana kipande kidogo kimeshapanda mapafuni. Tunaanza sindano sasa hivi, ya kuzuia isiendelee kuganda. Vidonge vile basi, usimeze tena." Akamgeukia Mbuke, sindano tayari. "Mama, nakuuliza tena, na safari hii fikiri. Kwenu kuna mtu aliyewahi kupata hivi?"

"Hakuna," alisema Mayala. Alikuwa amesimama nyuma, kofia kichwani. "Ukoo wetu hauna ugonjwa huo."

Mbuke alimtazama kaka yake. Alijua jibu linalomngojea mdomoni lina uzito gani. Kama Esta aliumwa, basi Nyanzala hakuloga. Na kama Nyanzala hakuloga, huyu mzee mwenye kofia, aliyemlea, aliyemlipia shule mpaka darasa la saba, ni nani? Kwa miaka yote hiyo ukoo ulikuwa umekaa juu ya kifuniko cha habari ile ili kisifunguke. Na chini ya kifuniko hicho hicho, sasa, alikuwamo Mama Cornel, nyuma ya mlango wa saluni.

"Yupo," alisema Mbuke. "Esta. Dada yetu."

"Mbuke, nyamaza."

"Alijifungua, mguu ukavimba, huu huu wa kushoto. Akachuliwa kwa samli. Akashika kifua, akafa pale pale."

Daktari alifumba macho kidogo. "Ungeniambia hilo mwanzo, nisingekupa vidonge vile. Ningekutafutia cha kubandika kwenye ngozi, ambacho hakigandishi damu kama cha kumeza, au dawa isiyo ya homoni kabisa. Si kwamba vidonge ni sumu. Vina mtu wao, na wewe hukuwa mtu wao. Zipo familia ambazo damu yao huganda kirahisi, na uzazi, au homoni, au kukaa siku nzima bila kusimama, vinaisukuma. Dada yako ilimganda. Na yule aliyemchua alikisukuma kipande kikapanda, bila kujua. Angejuaje?"

"Alilogwa," alisema Mayala. Sauti ilikuwa ya kijana, si yake.

"Baba, njoo." Daktari alimvuta mkono mpaka kwenye kile kioo, akaweka kidole kwenye mshipa mweusi. "Hapa unaona mkono wa mtu?"

Mayala akatazama. Alitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona kitu. Kisha akavua kofia.

"Piga simu," alisema Mbuke. Sindano ilikuwa imeingia, pumzi bado ya kuhesabika. "Kaka. Piga simu machimboni. Piga niisikie."

Vidole vya mzee vilikosea namba. Vikakosea tena. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga upya, na Boaz akapokea, nyuma yake kelele za watu wengi, wengi kuliko inavyopaswa kuwa mbele ya saluni asubuhi.

"Ndiyo mzee! Tupo hapa. Yule binti kagoma kufungua, vijana wanasema tuvunje..."

"Weka sauti kubwa," alisema Mayala. "Weka wasikie wote." Akaisogeza simu mdomoni. "Dada yangu anaumwa damu iliyoganda. Nimeiona kwa macho yangu. Hajalogwa. Huyo mama hana kosa. Atakayemgusa, amenigusa mimi. Ondokeni hapo mlangoni."

Kelele zikapungua, zikabaki zile za mashine za karasha kwa mbali. Mbuke aliomba aisikie sauti ya Blessing, akaisikia, ndogo, nyuma ya bati: "Mama? Tupo wazima, Mama." Akaangua kilio, nesi akamkataza kulia kwa ajili ya pumzi.

Alipotulia aliuliza, kwa upole, kwa sababu alimpenda: "Na Nyanzala, kaka?"

Mayala alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kofia magotini. Mpaka sasa hajajibu. Daktari anasema siku hizi za kwanza ndizo za kuogopwa, na Mbuke anaziogopa. Analala anasikiliza kifua chake. Mama Cornel amehamishwa kimya kimya akarudi Ushirombo, kwa kuwa simu moja haitoshi kuwaosha watu kichwa.

Sasa wewe, uliyemaliza chapati. Simu unayo, ndiyo hiyo uliyoinamia. Mpigie mama yako, dada yako, shangazi yako anayemeza vidonge vya moto wa ukomo wa hedhi. Usimtishe avitupe. Muulize mguu wake u hali gani, na pumzi yake. Kama mguu mmoja umevimba, asichuliwe, asichanjwe, asingoje kesho: mpakie kwenye gari umpeleke hospitali. Na wale wote ambao kwenu mnasema walilogwa, wa mguu mmoja, waliokufa wakishika kifua, wataje kwa daktari kwa majina yao. Kisha simama mlangoni kwa yule bibi wa macho mekundu unayemfahamu, kabla hawajafika wengine.

Piga. Sasa hivi. Ikikatika, piga tena.